Baada ya Mikeka Kukunjwa

Leo nina neno juu ya faraja, ile ambayo Wakristo wa pande zetu hizi, kuanzia Msimbati na Kilambo hadi Newala na Masasi, wanaitafuta dhiki inapobisha hodi. Na wewe uliye wa msikitini usizime redio. Mtwara hii tunazikana. Kaburi la Mkristo linachimbwa na akina Hamisi, na kwenye khitma sufuria inakorogwa na mama Yohana. Haya ninayoyasema yanakuhusu nawe.

Nianzie pale ambapo kila aliyefiwa amefika. Matanga yameanuliwa. Turubai limeshushwa, mikeka imekunjwa, sufuria kubwa zimerudishwa kwa wenyewe, na katibu amesimama kusoma hesabu ya michango: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki. Watu wanaaga. Bodaboda zinaondoka mbili mbili na abiria wao. Jioni ile mjane anabaki na watoto wake, na ukimya ambao hakuujua tangu aolewe. Siku tatu zote aliambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waliomwambia ni watu wema, wametoka mbali, wengine wamekopa nauli. Lakini kesho yake maji yanahitaji kuchotwa, mahitaji ya shule yanasubiri, na shamba halina mwenyewe. Msiba wake unaanza siku hiyo, sisi tukiwa tumekwisha kwenda zetu.

Ndiyo maana nauliza: imani inamfaa nini mtu, siku ya nne?

Kuna jibu jepesi ambalo silipendi, na nitalisema kwa kutumia jambo tuliloliona wote. Aprili 2019, Pasaka iliangukia tarehe 21. Kabla hata nyama ya sikukuu haijaisha ndani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kimbunga Kenneth kiko njiani, na Mtwara imo katika njia yake. Shule zikafungwa. Wavuvi wakaambiwa wasiingie baharini. Watu wa ufukweni na mabondeni wakahimizwa kupanda sehemu za juu. Wazee wakaanza kuhadithia kimbunga cha Aprili 1952, kilichopiga Lindi na Mtwara, na kwa kweli hadithi zao hazikumsaidia mtu kulala. Watu wakasali, makanisani na misikitini.

Jioni ya tarehe 25 kimbunga kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, kaskazini ya mji wa Pemba. Msumbiji ilikuwa bado inazika wafu wa kimbunga Idai kilichoipiga Beira mwezi Machi. Kenneth kikaua zaidi ya watu 40 wengine na kuacha maelfu bila paa.

Huku kwetu zikafuata shukrani. Mungu ametuepusha. Nani asingeshukuru? Lakini ile shukrani ilinikaa kooni. Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa Mueda, ng'ambo, ni ndugu, wanaoana, wana majina yaleyale, na Wakristo wao wanasali sala ileile ya Baba Yetu. Tukisema Mungu alitusikia sisi, maana yake wale wa ng'ambo aliwafanyia nini? Hakuwasikia? Walikuwa wamekosa zaidi? Yesu mwenyewe aliligusa swali la namna hiyo, alipowataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na akakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kwa hiyo faraja inayongoja upepo ugeuke uende kwa jirani, mimi siiti imani. Naiita bahati, na bahati haina Injili.

Kisha yakaja ya mikono ya binadamu. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado ilikuwa imeingia katika vita vya kundi lenye silaha, na vita havijui mpaka. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji chetu, wilaya ya Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikashambuliwa Palma, kusini ya mdomo wa mto. Watu wakakimbia kwa miguu porini, wengine kwa mitumbwi, wamebeba watoto na godoro, au watoto tu. Wengi walifika upande wetu. Na hapa tuseme kweli, maana redio isiyosema kweli ni kelele: maelfu kati yao walirudishwa kupitia Negomano, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lililalamika waziwazi mwaka uleule. Serikali ina hoja zake za usalama, na baada ya Kitaya hakuna atakayezidharau. Lakini Mkristo anayeimba kila Desemba juu ya Familia Takatifu kukimbilia Misri anapaswa walau kukosa usingizi kidogo juu ya jambo hilo.

Katika siku zile alikuwapo mtu mmoja wa kuangaliwa. Askofu wa Pemba, kule kule Cabo Delgado, alikuwa Luiz Fernando Lisboa, mzaliwa wa Brazil. Wakati wengine wanapunguza sauti, yeye alisema: watu wanauawa, vijiji vinachomwa, mamia ya maelfu hawana pa kulala. Kanisa lake likapokea waliokimbia bila kuuliza dini, na wengi wao walikuwa Waislamu. Agosti 2020 Papa Fransisko alimpigia simu yeye mwenyewe kumtia moyo. Februari 2021 akahamishiwa jimbo moja la kwao Brazil. Askofu huyu hakuwaahidi watu wake kwamba vita vitaisha mwezi ujao. Hakuweza. Alikaa nao, akasema yaliyowapata, na akatafuta chakula.

Kukaa. Msikilizaji, huko ndiko ninakotaka kukupeleka. Ukristo wa kusini hii umejengwa na watu waliokaa, na hasa waliorudi baada ya kufukuzwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA akatua Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapanda nao bara. Nia ilikuwa kuwasogeza kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye yale majabali makubwa, maji na ardhi nzuri, wakaona panafaa, wakabaki. Fikiria watu wale walivyokuwa. Waliwahi kupita katika nchi hizi wakishuka pwani wakiwa na kamba shingoni. Sasa wanapanda juu na jembe mkononi. Mtu wa namna hiyo humhubirii tumaini. Ukikaa kimya atakuhubiria wewe.

Na haikuwa shwari. Mwaka 1882 Wangoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara walikivamia kijiji kile, wakachoma, wakachukua mateka. Hebu ona: mtu amekombolewa utumwani, anatekwa tena. Misheni ikahamia Newala, na baadaye ikarudi Masasi. Mwaka 1905 vikaja vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Masasi ikachomwa tena. Lukuledi na Nyangao, misheni za Wabenediktini, zikaharibiwa. Askofu wao Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, wakauawa Agosti njiani kwenda Liwale. Tusiipambe hadithi hii. Waliochoma walikuwa na sababu: kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko. Mbele ya macho yao mzungu wa msalaba na mzungu wa bunduki walikuwa wametoka meli moja. Na Wajerumani walipolipiza kisasi waliteketeza vyakula, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Misheni zilirudi katika nchi ya njaa. Wabenediktini wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, na hospitali ya Ndanda mpaka leo inapokea wagonjwa, yeyote awaye. Ukitoka Mtwara kwenda Masasi unaiona kabla hujafika.

Lakini katika wote hao, moyo wangu uko kwa mtu mmoja ambaye watoto wetu hawafundishwi. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa na misheni Zanzibar. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, upande wa Newala. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza kupata upadri katika UMCA. Karibu miaka kumi na moja alikaa Chitangali na Wayao wenzake, akifundisha, akibatiza, akizika. Angeweza kubaki Unguja, mjini, kwenye bahari na barazani pa waungwana. Akarudi katika nchi ambako watoto kama yeye walikuwa wakiuzwa, kuwa mchungaji wa watu. Mtu akiniuliza tumaini la Kikristo lina sura gani, namwonyesha huyo.

Sasa linganisha na tumaini linalouzwa siku hizi. Siku hizi dhiki ni soko. Mwaka 2011 nchi nzima ilimiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia humo, baadhi wakiwa wametolewa hospitalini. Kwa haki yake, mzee yule hakuonekana kutajirika. Waliofuata wana bei kubwa zaidi. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye mkutano wa maombi Moshi, watu walikanyagana wakiwania kupita juu ya mafuta ya upako. Walikufa 20. Na mwaka 2023, jirani zetu wa Kenya walifukua msitu wa Shakahola na kukuta zaidi ya maiti 400 za watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Bwana.

Simcheki hata mmoja wa waliokwenda. Mwenye mtoto anayeugua hapimi maneno ya mhubiri. Anapima homa ya mtoto. Lawama yangu iko kwa wauzaji, na kidogo iko kwetu. Mtu anakwenda kununua muujiza mbali kwa sababu karibu hakupata hata wa kumsikiliza. Mama aliyekosa wa kukaa naye siku ya nne, siku ya kumi atampigia simu nabii wa kwenye televisheni na kutuma sadaka kwa simu.

Na mahubiri yetu yana kasoro. Tunaharakisha watu. Mtu ana wiki moja tangu azike, tunamtaka acheke na kushuhudia. Hatujui tumejifunza wapi, maana si katika Biblia. Ayubu alipofilisika na kufiwa na watoto, rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumweleza kwa nini yamempata, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika. Kuna kitabu kizima kinaitwa Maombolezo. Kuna Zaburi ya 88, inayolia kuanzia mwanzo na kuishia gizani, bila mstari wa mwisho wa kutuliza. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo. Mhubiri anayeiruka kila mwaka anawanyima watu wake ruhusa ya kulia mbele za Mungu.

Turudi kwenye swali la siku ya nne, maana sitaki uende na historia tupu.

Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba kanisa liishi katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache zinazokaribiana. Walutheri nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba, Waanglikana wana umoja wao wa akina mama. Si mambo ya kusifiwa yote. Kuna jumuiya zimekuwa ofisi ya ushuru: hukulipa, hushiriki, basi ukifa maiti yako inajadiliwa kwanza. Hilo ni aibu, na wanaolifanya wanajijua. Lakini jumuiya ikiwa hai, ni kitu ambacho hakuna serikali wala shirika lililoweza kukiiga.

Njoo tukae katika moja, asubuhi ya Jumamosi, chini ya mkorosho. Nguo za watu zinanuka salfa, maana ndiyo majira yake. Mikorosho inatoa maua. Neno limesomwa, nia zimetajwa, na kama kawaida kuna mmoja ambaye sala yake ni taarifa ya habari. Halafu linatolewa daftari la kaunta lililochakaa kona. Ndani yake mna majina, na mbele ya kila jina: unga kilo mbili, shilingi elfu moja, kuni mzigo mmoja, ming'oko nusu kiroba. Wengine wameandikiwa "baada ya mnada", kwa sababu huku fedha ina msimu, ule wa kuuza korosho. Mwaka 2018 msimu wenyewe uligoma. Wanunuzi walileta bei ya chini, Novemba serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuibeba, na wakulima wengi walisubiri malipo yao muda mrefu. Madaftari ya mwaka ule yalijaa "baada ya malipo". Hata hivyo watu waliendelea kuandika.

Mwenyekiti anauliza: shamba la mama fulani limepulizwa? Huyo ni mjane wa miezi mitatu. Halijapulizwa. Mashine ya marehemu imeuzwa kulipia hospitali. Sasa, kwa asiyelima korosho, nieleze. Ua la mkorosho linapotoka hushambuliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga. Dawa ya salfa isipopulizwa kwa wakati wake, mara kadhaa, maua yananyauka na hakuna korosho ya kuokota mpaka mwakani. Mjane akikosa wa kumpulizia mwezi huu wa Julai, Novemba hana cha kupeleka ghalani, na Januari mtoto wake haendi sekondari. Msiba mmoja unazaa mwingine hivyo, polepole, bila kilio cha kusikika barabarani.

Basi mmoja anasema ana mashine. Mwingine atatoa petroli. Vijana wawili watabeba. Kuna jirani Mwislamu, shamba lake limepakana na la mjane, amekwisha kusema kwamba salfa iliyobaki kwake ichukuliwe. Wanapanga kwenda alfajiri, kabla upepo haujaanza. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenena kwa lugha. Mwenyekiti akafunga daftari, wakasali kwa kifupi, wakaondoka.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu anatufariji ili nasi tuweze kuwafariji wengine. Wengi tunaishia kwenye nusu ya kwanza ya sentensi ile. Mjane wetu hakuteremshiwa malaika. Alipuliziwa mikorosho yake, na nadhani alfajiri ile, akisikia mashine inanguruma shambani kwake, alijua kwamba hajasahauliwa juu mbinguni wala hapa chini. Kama kuna anayeona hiyo si theolojia, aniandikie.

Mikorosho haitangoji, msikilizaji. Mtaani kwako yuko aliyefiwa tangu mwezi wa tatu au wa nne, na unamjua. Kesho usiende kumuuliza kama anahitaji msaada, maana atakwambia hahitaji. Nenda na mashine, au na petroli, au na mikono tu, umkute kabla jua halijapanda. Sala mtasali mkimaliza.